Linafika? Shajara ya mradi wa taarifa za abiria wa daladala, Mbeya

Juma la kwanza, Jumanne

Naanza kuandika kwa sababu ya safari moja ya mama yangu. Mwezi uliopita alitoka kliniki, Hospitali ya Rufaa ya Kanda, akapanda gari lililoandikwa ubavuni kwamba linafika Igawilo. Walipofika Nane Nane konda akawageukia waliobaki: "Tunageuza hapa, mama zangu, pandeni la nyuma." La nyuma lilikuwa limejaa. Lililofuata nalo likageuza. Giza likaingia, mvua ikaanza, na mama ana miaka 71 na goti linalomsumbua. Alifika nyumbani saa tatu usiku.

Nilitegemea alalamikie mvua, au nauli aliyolipa mara mbili. Hakulalamika. Alisema tu, "Wangeniambia tangu Kabwe, ningelala kwa dada yako Soweto."

Neno hilo halijanitoka. Kazi yangu ni kuandika: mabango ya maduka, vibao vya shule, na kwa miaka mingi maandishi ya ruti kwenye Haisi na Kosta. Nina banda Mwanjelwa. Inawezekana kabisa neno "Igawilo" alilolisoma mama nililichora mimi kwa mkono wangu.

Tuko watatu. Mimi, mpwa wangu, mtoto wa dada, anayesoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na jirani yangu aliyekuwa konda miaka 14 mpaka mgongo ulipokataa. Tumekubaliana kufanya jambo moja: kujua abiria wa barabara yetu, kutoka Mbalizi hadi Igawilo, anahitaji kuambiwa nini, na kukiweka mahali atakapokikuta kabla hajatoa hela.

Juma la kwanza, Ijumaa

Mpwa wangu alikuja na karatasi ya maswali ya kuwauliza abiria. Jirani aliisoma mpaka mwisho, akamrudishia kwa upole. "Mwanangu, ukimuuliza mtu anataka nini, atakujibu la kukuridhisha. Sikiliza anachomuuliza konda. Pale ndipo hela yake ilipo."

Basi tumekaa vituoni tukisikiliza. Kabwe asubuhi kuanzia saa 12, Mafiati mchana, Nane Nane jioni mpaka saa 2 usiku. Kila swali linaandikwa kama lilivyotamkwa.

Ukurasa wangu wa jioni umejaa swali moja kutoka juu hadi chini. "Linafika?" Wengine husema "Unafika Uyole kweli?" na lile "kweli" husemwa kwa mkazo. Dada mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza mara tatu, kwa konda, kwa dereva, kisha kwa abiria aliyekaa dirishani, kana kwamba anatafuta mashahidi.

Asubuhi swali hilo ni nadra. Asubuhi watu huuliza kama kuna siti na kama gari linaondoka sasa hivi. Mpiga debe hujibu "moja tu, moja tu!" hata kama zimebaki sita. Hilo wenyeji wanalijua na hawaligombanii.

Nane Nane ni dunia nyingine. Pale wanashuka watu wa Tukuyu na Kyela, wengi wana barua ya rufaa mfukoni na hawajawahi kufika mjini. Swali lao: "Gari la Meta ni lipi?" Hospitali ya wazazi ya Meta wanaifahamu kwa jina, lakini gari halijaandikwa Meta. Mgeni anasoma ubavu wa gari, haoni jina lake, anabaki amesimama na mjamzito wake huku magari yanayofaa yanampita. Nilimshika mkono baba mmoja nikampandisha. Aliniambia "ndaga", asante kwa Kinyakyusa, akiwa tayari mlangoni. Sikuandika kitu kwa dakika kadhaa baada ya hapo.

Juma la pili, Jumatatu

Leo tumebishana, na ubishi ulikuwa na faida.

Mpwa wangu anataka tuanze na saa: gari linapita kituo hiki saa ngapi. Ametuonyesha kazi ya Nairobi, ambako wanafunzi na watafiti walipanda matatu wakiwa na simu zinazonasa mahali walipo, wakarekodi ruti moja baada ya nyingine, na mwaka 2014 ikatoka ramani ya jiji zima ambayo watu waliitumia kweli. Akaeleza pia kwamba taarifa za usafiri kwenye simu hupangwa kwa muundo mmoja unaotumika dunia nzima, ulioanza mwaka 2005 kwa mabasi ya Portland, Marekani. Muundo ule unataka kila kituo kiwe na saa yake. Ukikosa saa, unaweza kuandika gari linakuja kila baada ya dakika ngapi.

Jirani alimsikiliza, kisha akamweleza hesabu. Naandika hapa kama alivyosema, maana bila hili mradi wote hauna mguu.

Dereva na konda wengi hawana mshahara. Kila siku wanampelekea mwenye gari kiasi kilichopangwa, ndiyo hesabu. Mafuta juu yao. Kinachobaki ni chao. Kwa hiyo gari halitoki kituoni kwa sababu saa imefika, linatoka likijaa. Na likifika Nane Nane jioni na abiria watano tu wa Igawilo, huku upande wa pili kuna umati unaorudi Mwanjelwa, kwenda mwisho ni kuchoma mafuta na kupoteza tripu. Akiwa dei waka, yaani mtu wa kushikilia gari kwa siku moja tu, mwenye gari hata hamjui vizuri, roho yake iko mbio zaidi. Anageuza. "Si kwamba hana utu," jirani alisema. "Mimi nimegeuza mara nyingi. Nimewashusha watu kwenye mvua, na wengine nawakumbuka sura."

Akanyamaza. Mpwa wangu akaifunga kompyuta yake taratibu. Akasema, "Kwa hiyo, anko, saa hatuna. Tuna nini?"

Tukaandika tulichonacho. Tunajua magari hugeuzia wapi: Soweto, Nane Nane, Uyole. Tunajua huanza kugeuza kuanzia saa ngapi jioni, na kwamba siku ya mvua huanza mapema. Tunajua mahali pa kubadilisha gari. Tunajua kituo kilicho karibu na hospitali, chuo, mahakama, stesheni ya TAZARA. Hayo yote yako vichwani mwa watu, na hakuna hata moja lililoandikwa popote barabarani.

Juma la pili, Alhamisi

Majina ya vituo. Nilidhani ni kazi ya nusu siku.

Kituo chetu hakina jina mpaka watu wakipe, na watu hukipa kwa kilichokuwapo. Mafiati, Kabwe, Sae, Ilomba, Mama John. Mgeni akiambiwa "shukia Mama John" hutafuta mama, au duka lenye jina hilo. Pengine kituo kimoja kina majina mawili, la vijana na la wazee, na konda hutaja moja tu. Kuna pale ambapo konda huita jina la shule upande mmoja wa barabara, na akirudi huita jina la kiwanda kilicho upande wa pili. Mtu aliyeshuka asubuhi kwenye jina moja hajui jioni kwamba ni mahali palepale.

Juu ya hayo kuna ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Barabara hii ya TANZAM, iendayo Zambia, inabeba malori yote ya Tunduma pamoja na daladala zetu, na upanuzi wake tumeuomba siku nyingi. Lakini ujenzi unahamisha vituo. Wiki hii gari linasimama hapa, wiki ijayo kifusi kimemwagwa, linasimama hatua mia mbili mbele. Kwa kijana ni hatua tu. Kwa mama mwenye goti, au kijana asiyeona niliyemkuta Ilomba akihesabu hatua zake kutoka nguzo ya umeme, ni kupotea.

Mpwa wangu anaviweka vituo kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Anaandika majina yote mawili, la kwanza na la pili. Nimemwambia asilifute jina la wazee hata kama vijana wanacheka.

Juma la tatu, Jumatano

Kundi la WhatsApp limefungwa leo. Lilidumu siku nane. Wazo lilikuwa abiria waarifiane: "Nane Nane wanageuza," "Iwambi lori limeanguka, kaeni." Siku mbili za kwanza lilifanya kazi vizuri. Siku ile lori liliposimama kwenye mteremko wa Iwambi, watu wa Mbalizi walijua mapema wakabaki makazini. Halafu matangazo ya viwanja yakaanza kuingia, kisha picha za maua za asubuhi njema, na taarifa ya gari ikawa imezikwa chini. Tatizo kubwa zaidi ni lile jirani alilolisema tangu mwanzo: mtu anayehitaji taarifa hii kuliko wote hana bando, au simu yake ni ya kitochi, au iko ndani ya khanga na hawezi kuitoa kituoni saa moja usiku.

Turudi kwenye rangi na mbao.

Juma la nne, Jumamosi

Vibao vinne vimesimama: Mafiati, Kabwe, Nane Nane, Uyole. Ruhusa ilituchukua siku nyingi kuliko uchoraji. Ofisi moja ilituambia tuende nyingine, nayo ikaturudisha ya kwanza, mpaka mzee mmoja mwenye banda la kahawa pale kituoni aliposimama nasi na kusema kibao kikae mbele ya banda lake.

Nimeandika kwa nyeupe juu ya bluu iliyokoza, herufi za urefu wa kiganja. Juu kabisa jina la kituo. Chini yake, KWENDA META NA RUFAA, na maelezo ya gari la kupanda na mahali pa kubadilisha. KWENDA CHUO, vivyo hivyo. KWENDA STESHENI YA TAZARA. Nauli nimeiweka ndogo pembeni. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndiyo inayoipanga tangu ilipochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na ilipopanda Desemba 2023 kutoka shilingi 500 hadi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, mji mzima ulijua siku ileile. Kinachowagombanisha watu ni mzigo. Ndoo ya maparachichi, gunia la viazi, mkungu wa ndizi: kila konda ana bei yake na abiria huijua akiwa tayari ndani. Hilo sikuweza kuliandika, maana hakuna bei ya kuandika.

Kibao cha Nane Nane kimepata marekebisho kabla rangi haijakauka. Muuza mihogo alinionyesha nimekosea mshale, unaelekeza upande ambao magari ya mjini hayasimami tena tangu kifusi kimwagwe. Nilirudi na brashi usiku huohuo. Yeye ndiye aliyenimulikia kwa simu.

Juma la tano, Jumanne

Jambo lenyewe sasa. Vibao vinamsaidia mgeni wa Meta, lakini mama yangu si mgeni. Anaijua kila nyumba ya barabara hii. Alichokosa ni kujua kwamba gari hili, jioni hii, halifiki.

Nilichora kibao kidogo cha kuning'iniza kwenye kioo cha mbele, chenye pande mbili. Upande mmoja: NAFIKA MWISHO. Upande wa pili: NAISHIA, kisha nafasi ya kuchomeka kadi ya Soweto, Nane Nane au Uyole. Nilitengeneza vitano kwa hela yangu na nilivipenda sana.

Tulikwenda kwenye kijiwe cha makonda. Wakavishika, wakavigeuza, wakavisifu maandishi. Hakuna aliyechukua hata kimoja.

Konda mmoja, kijana mpole, alinisindikiza mpaka nje akanieleza. "Mzee, kukatisha ruti ni kosa. Leseni ya gari inasema Igawilo. Nikining'iniza kibao kinachosema naishia Nane Nane, nimemwandikia trafiki faini mimi mwenyewe."

Nilirudi bandani nikakaa. Sheria imewekwa kumlinda mama yangu asishushwe njiani, na ni haki iwepo. Lakini kwa kuwa hesabu inamsukuma konda kugeuza hata hivyo, sheria ileile inamfanya afiche mpaka dakika ya mwisho. Ukweli wa safari umekuwa kitu cha hatari kukiandika. Nimeandika magari ya watu miaka mingi, na sikuwahi kuliona jambo hili.

Juma la tano, Ijumaa

Mpwa wangu amesoma kuhusu teksi za minibasi za Johannesburg. Kule anayetoa taarifa ni abiria. Anasimama kando ya barabara na kuonyesha kwa mkono anakokwenda. Kidole cha shahada kilichoinuliwa juu kinamaanisha katikati ya jiji, na kila upande una ishara yake. Dereva akiona si njia yake, anapita tu. Hakuna kibao, hakuna maandishi, na mamilioni ya watu wanafika makwao.

Jirani alishtuka kama aliyekumbuka kitu. "Lakini sisi tunazo!" Kumbe makonda wanapopishana barabarani huzungusha kidole kimoja hewani kumwambia mwenzake "nageuza", ili yule wa nyuma ajue kuna abiria wa kuwaokota. Ameifanya ishara hiyo miaka 14. Abiria wameiona miaka yote bila kuambiwa maana yake.

Juma la sita, Jumapili

Mkutano kijiweni, baada ya ibada, magari machache. Safari hii sikubeba vibao. Jirani ndiye aliyezungumza, na walimsikiliza kwa kuwa alishapigwa na jua lilelile. Hakuwaambia waache kugeuza. Aliwasimulia habari ya mama yangu, bila kutaja gari, kisha akaomba mambo mawili. La kwanza, kuanzia saa 12 jioni konda aseme kwa mdomo, kabla mtu hajakanyaga ngazi, gari linaishia wapi. La pili, akigeuza bila kusema, nauli ya kipande kilichobaki airudishe mkononi mwa abiria.

La pili liliwakasirisha. Mmoja alisema hela ikishaingia imeshakuwa mafuta. Mabishano yalikuwa marefu, yakaisha bila makubaliano, na sitaandika kwamba tulikubaliana.

La kwanza walilikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Dereva mtu mzima ndiye aliyeweka sababu: abiria aliyeambiwa mapema hagombani mlangoni, na ugomvi wa mlangoni ndio unaochelewesha tripu. Wengine wakaitikia. Nadhani wapo waliokuwa wanatafuta ruhusa ya kusema ukweli.

Juma la saba, Alhamisi

Nimekaa Kabwe jioni tatu mfululizo na daftari.

Si wote wanaosema. Dei waka hawakuwepo mkutanoni, wala hawana habari. Siku ya mvua kubwa wengi walisahau au walijifanya wamesahau. Lakini nimesikia kwa masikio yangu, "Nane Nane mwisho! Nane Nane mwisho! Wa Igawilo subirini la nyuma!" Nikawaona akina mama wanne wakishuka kwenye ngazi, wakarudi nyuma, wakangoja pamoja chini ya paa la duka la dawa. Walijua wanangoja nini. Gari lililofika mwisho lilikuja, konda akasema "nafika", wakapanda wote wanne.

Nimebadilisha sehemu ya chini ya vibao vyote. Pale nilipokuwa nimeandika saa za magari kuanza kugeuza, ambazo haziaminiki siku mbili mfululizo, sasa pana mstari mmoja wa njano: ULIZA KABLA YA KUPANDA: LINAISHIA WAPI? Na pembeni yake mkono, kidole kimoja kimeinuliwa, na mshale wa duara kukizunguka. Mpwa wangu alinichorea kwanza kwa penseli. Asiyejua kusoma ataujua mkono.

Kwa kijana asiyeona wa Ilomba, mkono huo haumfai. Yeye anategemea sauti ya konda peke yake, na ndiyo maana suala la dei waka haliwezi kusubiri. Jirani ataanza kuwatembelea alfajiri pale wanapokabidhiwa magari, kabla ya tripu ya kwanza.

Juma la nane, Jumatatu

Kituo cha Sae kimehama tena. Mpwa wangu amesharekebisha ramani. Kibao cha kule, kilichokuwa kisimame kesho, nimekitoa mshale mpaka tujue gari litatulia wapi. Mbalizi bado hatujafika kwa rangi, na watu wa kule wana swali lao la pekee la kurudi usiku malori yanapokuwa mengi Iwambi. Rangi ya njano imebaki nusu kopo.

Jana nilimpeleka mama Uyole kuona kibao. Alikitazama kwa muda, akainua kidole chake akakizungusha hewani kama kwenye mchoro, akakiangalia. Kisha akaniambia herufi za jina la kituo ni ndogo kwa mtu aliye ndani ya gari, dirisha likiwa na ukungu wa baridi. Nimezipima leo asubuhi. Nitazirudia kwa viganja viwili.